Kaloli wa Awindiri

Msomaji aliyewahi kupita Awindiri asubuhi na mapema, wakati wauza nyama wanatundika mapaja na mbavu kwenye kulabu, hana haja ya kuelezwa ni ndege gani tunayemkusudia. Bila shaka amemwona karibu na jaa la takataka, amesimama mabega juu kama mzee aliyeshikwa na baridi, kichwa kina upara wenye mabaka, mdomo mkubwa kama mpini wa jembe umelala kifuani, na mbele ya shingo unaning'inia mfuko wa ngozi wenye rangi ya waridi. Wachuuzi humpita, bodaboda humpita zikipiga honi, watoto humrushia vijiwe; naye husogea hatua mbili akasimama tena, kana kwamba mahali pale amepapanga na kodi ameshalipa.

Waganda humwita kaloli, na jina hilo limetapakaa Uganda nzima, hata huku West Nile ambako Kiganda si lugha ya nyumbani. Katika vitabu vya Kiswahili huitwa korongo mfuko-shingo. Wataalamu wa viumbe wamempa jina la Kilatini, Leptoptilos crumenifer, na neno hilo la pili maana yake ni mchukua mkoba wa fedha. Wazungu nao humwita marabu, neno ambalo asili yake ni murabit la Kiarabu, yaani mcha Mungu aliyejitenga na watu. Mtawa mwenye mkoba wa fedha, tena amesimama sokoni! Waliompa majina haya hawakukosa mzaha. Sisi tutamwita kaloli, kwa kuwa ndivyo alivyomwita mwanafunzi wetu mmoja, na habari tunayotaka kuwasimulia walimu wenzetu ni ya mwanafunzi huyo kama ilivyo ya ndege mwenyewe.

Mwaka 2013 tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari, mwendo mfupi wa miguu kutoka Awindiri. Watu wa mbali hudhani kwamba lugha yetu ni mgeni katika pembe hiyo ya Uganda. Sivyo. Arua ina mtaa uitwao Tanganyika na mwingine uitwao Kenya; Wanubi wake wana Kinubi chao, ambacho ni mtoto wa Kiarabu; wafanyabiashara huvuka mpaka kutoka Ariwara, nchini Kongo; na barabara ya Koboko huwaleta watu wa Sudani Kusini. Sokoni humo Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongo huelewana bei kwa Kiswahili ambacho hakina muda wa kuzijali ngeli. Kazi yetu sisi ilikuwa kuzirudisha ngeli mahali pake, na kazi hiyo tuliifanya kwa wino mwekundu mwingi.

Siku moja tuliwapa kidato cha pili insha, "Ndege Nimpendaye." Tulipoyakusanya madaftari tukakuta tausi kumi na tisa. Arua hapana tausi hata mmoja, na hatudhani kwamba miongoni mwa vijana wale alikuwapo aliyepata kumwona. Tausi wote walitoka katika kitabu, wakiwa na mikia yao na maringo yao, na kwa sentensi zilezile. Njiwa nao walikuwa wengi, wote wa amani. Korongo mwenye taji, ndege wa bendera ya Uganda, alipata sehemu yake. Alama tulizigawa kwa ukarimu. Kisha tukafikia daftari la kijana mmoja, mtoto wa mchinjaji, aliyeandika juu ya kaloli.

Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha sokoni, lakini mambo aliyoyaeleza tunayakumbuka moja moja. Alisema kwamba kaloli ana panga lakini hana kisu, kwa hiyo humngoja tumbusi apasue ngozi ya mzoga. Alisema kwamba mfuko wa shingoni haumo chakula, umo upepo. Alisema kwamba miguu yake si myeupe kama watu wanavyodhani, ni myeusi, ila hujipaka mavi yake kwa sababu ya jua. Alisema kwamba akiruka huikunja shingo. Na mwishoni alisema kwamba ampenda kwa sababu kaloli na baba yake wanafanya kazi pamoja.

Penye panga na kisu tuliandika: "Hakuna methali kama hii." Penye mfuko tuliandika: "Si kweli. Mfuko ni wa kuhifadhia chakula." Penye miguu tulilipigia mstari neno moja, tukaandika: "Lugha chafu." Juu ya shingo hatukusema neno, maana hatukuwahi kuiangalia. Chini ya yote tuliandika: "Chagua ndege mwingine," tukampa alama 6 kati ya 20. Habari ya chakula kukaa katika mfuko hatukuwa tumeisoma mahali popote. Tuliona tu kwamba mfuko ni kitu cha kuwekea vitu, basi tukaandika, na wino mwekundu ukaifanya kuwa elimu.

Katika uwanja wa shule palikuwa na mvule mkubwa, mkongwe kuliko majengo yote. Kaloli walijenga humo. Mwanzoni mwa mwaka 2014 tulihesabu viota kumi na kimoja. Malalamiko yalikuwa mengi, na ni haki kuyataja, maana hayakuwa ya uongo: mabati ya madarasa mawili yalikuwa yamegeuka meupe kwa kinyesi na kuanza kuliwa na kutu, harufu wakati wa mchana ilikuwa nzito, vipande vya utumbo na vichwa vya samaki viliwaangukia watoto wakiwa mstarini. Kulikuwa pia na wazazi waliosema, kwa sauti ya chini, kwamba ndege mwenye upara kama ule hakosi ana mwenyewe anayemtuma usiku. Tukaitwa mkutanoni. Hoja ilikuwa mvule ukatwe. Hapa msomaji asidhani kwamba tunasema "sisi" kwa desturi ya waandishi tu: mikono iliinuliwa yote, na wetu ulikuwamo. Mbao za mvule zina bei nzuri, na paa la chumba cha vitabu lilikuwa likivuja. Jambo hili halikuingia katika kumbukumbu za mkutano, lakini hapakuwa na asiyelijua.

Mti ukakatwa katikati ya Februari, kiangazi kikiwa kimepamba moto. Hatukuwa tumejiuliza ndani ya viota mna nini majira yale. Mlikuwa na makinda. Mvule ulipolala chini wengine walikufa papo hapo. Wengine, wakubwa wa kutosha kusimama, walisimama kati ya matawi yaliyovunjika wakigonganisha midomo, tak, tak, tak. Wazazi wao walizunguka angani mpaka jioni. Mpasua mbao mmoja, mtu mzima, aliweka msumeno chini akakaa kando kwa muda mrefu.

Kesho yake kijana wetu alikuja mlangoni pa chumba cha walimu amemshika kwa miguu kaloli mkubwa aliyeuawa na tawi, mbawa zikiburura vumbini. Mkono wa pili alikuwa na kisu cha baba yake. "Mwalimu, naomba uone," alisema. Akaupasua mfuko wa shingo taratibu, kama mtu afunguaye bahasha ya barua. Ndani hamkuwa na samaki, wala nyama, wala mfupa. Mlikuwa na ngozi nyembamba, mishipa ya damu, na uwazi uliokwisha kusinyaa. "Upepo tu, Mwalimu." Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu kilichopotea kisha kikaonekana. Nasi tulimwambia akamzike yule ndege, anawe mikono kwa sabuni, arudi darasani. Alama sita zilibaki sita.

Tulianza kusoma baada ya siku ile, na tulianza kwa siri. Kumbe kaloli alikuwa amekwisha kusomwa na watu wenye subira kubwa kuliko yetu, tena hapahapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Mmarekani M. Philip Kahl alichapisha uchunguzi wake juu ya maisha na uzazi wa ndege huyu. Tangu miaka ya 1970 mtaalamu Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alimfuata kaloli wa Uganda kwa muda unaozidi umri wa walimu wengi wa leo. Tukayasoma maneno ya wataalamu hawa kama mtu anayeangaliziwa kazi yake mwenyewe, huku daftari la mtoto wa mchinjaji likiwa ndilo mwongozo wa majibu.

Mfuko wa shingo umeungana na njia ya hewa ya pua. Kaloli huujaza pumzi anapotaka kumvutia jike au kuwatisha madume wenzake, na chakula hakipiti humo kamwe. Chakula hupita katika umio, kama chetu. Miguu yake kwa asili ni ya kijivu kilichokolea hata kuwa cheusi. Jua likiwa kali huimwagia kinyesi chake chepesi, na majimaji hayo yakikauka huondoka na joto la damu ipitayo miguuni, kama jasho linavyotufanyia sisi. Unaobaki ni unga mweupe. Kwa hiyo neno tulilolipigia mstari lilikuwa ndilo neno lenyewe lililotakiwa, na kama tuliona halina adabu, ilikuwa juu yetu kumpa "kinyesi" badala ya kumnyang'anya habari yake. Upara nao, ambao wazazi waliushuku uchawi, ni usafi: kichwa kinachoingia katika tumbo la ng'ombe aliyekufa kikiwa na manyoya, damu ingeganda humo na kuoza.

Ama panga na kisu, hatukupata kuona mahali ambapo jambo hili limeelezwa vizuri zaidi. Mdomo wa kaloli hupita sentimita 30 kwa urefu, una nguvu, unaweza kuchoma na kudaka, lakini hauna ncha iliyopinda kama wa tumbusi, wala hauwezi kupasua ngozi ngumu. Penye mzoga mzima kaloli husimama pembeni. Anayefungua ni tumbusi. Kaloli hunyakua kipande kilichokwisha kukatwa, mara nyingine kutoka mdomoni mwa mwenzake, akakimeza bila kutafuna. Ndiyo maana machinjio humfaa kuliko porini. Kule mwenye kisu ni mtu.

Kwa kimo kaloli aweza kufikia mita 1 na nusu, na mabawa yake yakitandazwa hupita mita 2 na nusu. Uzito wake hufika kilo 9 kwa dume aliyeshiba. Chini ya mkia ana manyoya meupe, laini mno kama pamba. Hayo, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, yalisafirishwa mpaka Ulaya yakapamba kofia na mavazi ya usiku ya mabibi wa London na Paris. Tunapenda kufikiri kwamba mabibi wale hawakupata kumwona mwenye manyoya akiwa kazini.

Habari iliyotuuma ni ya uzazi. Kaloli hujenga kiota cha vijiti juu ya mti mrefu, kikiwa jirani na viota vya wenzake, akataga mayai 2 au 3. Dume na jike huyalalia kwa zamu muda wa siku zipatazo 30, na kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi 3 kabla hajaweza kuruka. Baada ya hapo hupita miaka ipatayo 4 kabla naye hajazaa. Huanza kazi hii mvua zikienda kwisha, ili makinda yawe makubwa kiangazini, wakati madimbwi yanapopungua na samaki na vyura wanakusanyika mahali padogo. Maana kinda halikui vizuri kwa utumbo wa machinjioni. Linahitaji mnyama mzima mdogo, samaki, chura au panya, pamoja na mifupa yake. Kwa hiyo vile vichwa vya samaki vilivyowaangukia watoto mstarini havikuwa takataka za Awindiri. Wazazi walikuwa wamevitoa mbali, penye maji, kwa ajili ya watoto wao. Na katikati ya Februari, tarehe tuliyoipitisha kwa kuinua mikono, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote katika mwaka.

Majira hayo nayo yanabadilika. Mwaka 2017 Pomeroy na mwenzake Michael Kibuule walitangaza kwamba kaloli wa Kampala, kadiri wanavyozidi kuzoea mji, wameanza kuzaa miezi 4 mapema kuliko zamani. Na hesabu za ndege wala mizoga zilizofanywa katika mji huo tangu 1973 hadi 2009 zilionyesha kwamba kaloli wameongezeka sana. Mji unapokua na takataka zake zisipozolewa, kaloli huja, kama nzi wanavyokuja na kama mbwa wanavyokuja. Hakuuleta uchafu, aliukuta. Mtu anayetaka kaloli wapungue mtaani kwake angefanya vyema kuanza na jaa, si na mti.

Hatutaki kumfanya kaloli kuwa walii kwa sababu ya jina lake. Ni mnyang'anyi. Penye moto wa nyika husimama mbele ya miali akiwadaka panzi, mijusi na panya wanaokimbia kuungua. Huingia katika makundi ya ndege wengine akala mayai na makinda yao, na katika maziwa ya Bonde la Ufa, Kenya, huwaua hata heroe. Akizoea kulishwa na watu, hukasirika asipopewa. Tena haondoi uchafu wote wa jaa, kama baadhi ya wapenzi wake wanavyodai: mifuko ya plastiki huiacha palepale, na mara nyingine huimeza kwa madhara yake mwenyewe. Anachoondoa ni kile kinachooza, na hicho ndicho kinachoua.

Lakini hiyo kazi ya kuondoa kinachooza hafanyi peke yake, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Mwewe na kunguru huwa wa kwanza kuona, tumbusi hupasua, kaloli humeza mapande makubwa. Tumbusi tunaowaona sana mijini Uganda ni wale wadogo, wenye kofia ya manyoya membamba kisogoni. Asidi iliyo matumboni mwa tumbusi ni kali kiasi cha kuviangamiza vijidudu vingi ambavyo vingeua mbwa au mtu, nao hula mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta wasidhurike. Watu wa Arua hawahitaji kufundishwa kimeta ni nini: mwaka 2018 ugonjwa huo ulithibitishwa wilayani humo. Hata hivyo tumbusi huyu mdogo, tangu mwaka 2015, ameandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka duniani. Kati ya mwaka 2019 na 2020, zaidi ya 2,000 waliuawa kwa sumu huko Guinea-Bissau, baadhi yao wakikutwa wamekatwa vichwa kwa ajili ya uganga.

India imekwisha kutuonyesha dunia isiyo na tumbusi inafananaje. Wakulima huko walikuwa wakiwapa ng'ombe wao dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Tumbusi akila mzoga wenye dawa hiyo, figo zake hufa. Sababu hii iligunduliwa mwaka 2004, na dawa ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini aina moja ya tumbusi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mizoga ilibaki mashambani, mbwa wakazaana, maji yakachafuka. Wachumi wawili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kwa sababu ndege hao hawakuwapo.

Ni katika India hiyohiyo, jimbo la Assam, ambako tulikutana na habari iliyotufanya tukifunge kitabu kwa muda. Huko yuko ndugu wa karibu wa kaloli, mwenye upara na mfuko vilevile, ambaye wenyeji humwita hargila, yaani mmeza mifupa. Nao walimchukia, nao waliikata miti yake kwa sababu ya harufu. Mwaka 2007 mwanafunzi wa elimu ya viumbe, Bibi Purnima Devi Barman, alimkuta mtu kijijini ameangusha mti wenye viota, na makinda yametapakaa chini. Bibi huyu aliahirisha masomo yake. Alikwenda kwa akina mama wa vijiji vile, akakaa nao, akapika nao. Wakaanza kumfuma hargila katika vitambaa vyao na kumfanyia sherehe ya makinda kama ile wanayomfanyia mwanamke mwenye mimba. Wanawake hao wakawa maelfu. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimpa Bibi Barman tuzo yake kubwa ya mazingira, na mwaka 2023 ndege huyo alitolewa katika daraja la walio hatarini akawekwa katika daraja lenye nafuu. Yeye aliona kile tulichokiona sisi mwaka 2014, mti ulioanguka na makinda chini. Sisi tulimwambia mtoto anawe mikono.

Januari 2024 tulirudi Arua, ambayo tangu tarehe 1 Julai 2020 imekuwa jiji. Shuleni kisiki cha mvule kilikuwa kingalipo, watoto wamekifanya meza ya kuchezea. Mabati yalikuwa mapya. Kaloli hawakuwa wamekwenda mbali: walikuwa juu ya mikaratusi nyuma ya nyumba za watu, viota saba kwa hesabu yetu, na mwenye nyumba moja alituuliza kama tunamfahamu mtu mwenye msumeno. Tulimweleza habari ya makinda. Alisikiliza kwa adabu. Hatujui alifanya nini baada ya sisi kuondoka.

Mwanafunzi wetu tulimkuta penye kazi ya kuchinja, amevaa buti za mpira, mtu mzima mwenye watoto wawili. Karo ilimshinda baada ya kidato cha nne. Alituamkia "Shikamoo, Mwalimu," salamu ambayo pale Awindiri huisikii ila kwa aliyefundishwa darasani, nasi tukaipokea huku tukijua hatukuistahili sana. Baada ya habari za nyumbani tulimwambia lililotuleta. Tulimwambia kwamba juu ya ule mfuko yeye ndiye aliyekuwa na haki, na kwamba tulilijua hilo tangu siku aliyoupasua mbele yetu.

Alicheka. "Mfuko, Mwalimu? Mfuko niliusahau. Mimi niliumia kwa lile panga."

Hatukuelewa mara moja. Akatueleza kwamba yale maneno, kaloli ana panga hana kisu, hakuyabuni yeye. Yalikuwa maneno ya marehemu baba yake, ambaye aliyasema karibu kila asubuhi alipokuwa akiwagawia wasaidizi kazi, kwa Kinubi kwanza na kisha kwa Kiswahili, kumwambia kijana mwenye nguvu nyingi kwamba nguvu pekee hazichuni ngozi. Siku tuliyorudisha madaftari alikwenda nalo nyumbani. Baba yake hakuwa msomaji, akamwomba amsomee alichoandika mwalimu penye maneno yake. Kijana akamsomea: hakuna methali kama hii. Mzee akanyamaza, kisha akasema basi, mwalimu ndiye ajuaye. Na tangu siku hiyo, alisema, hakumsikia tena akiyasema maneno yale mbele yake.

Tulikosa la kujibu. Tulimwomba ayarudie kwa Kinubi, akayarudia, tukayaandika katika kitabu chetu kama alivyoyatamka. Wasaidizi wake walikuwa wamemaliza kumwaga maji sakafuni, na kaloli sita au saba walikuwa wamejipanga ukutani wakitazama upande wa mlango.

"Na ile ya shingo, Mwalimu," aliuliza, "hiyo uliisahihisha vipi?"

Tukamwambia kwamba ile hatukuigusa.

Ilikuwa yapata saa nne. Ardhi ilikuwa imeanza kutoa joto, na hiyo ndiyo saa anayoingoja kaloli, kwa sababu mwili wake mzito huinuliwa na hewa ya moto kuliko na mbawa. Mmoja alishuka ukutani, akakimbia hatua chache zisizopendeza kutazama, akaruka. Kijana alitushika mkono tusiondoke bado. Ndege alizunguka mara moja, mara mbili, akipanda juu ya mapaa ya Awindiri, na tulimtazama mpaka alipokuwa juu yetu kabisa. Shingo alikuwa ameikunja.